Mwanamke Ambacho

Bosi alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, kwa hiyo mume alimtambulisha mkewe kwa Kiingereza, kifua mbele: "This is the woman which cooks for us."

Kwa lugha yetu ni kama kusema: huyu ni mwanamke ambacho hutupikia.

Mke alikuwa akimimina chai. Mume hakujua kwamba mwaka mzima mkewe amekuwa akifundishwa Kiingereza na dada yake. Mume alimwonea mkewe aibu kwa kukosa cheti cha shule, ndiyo maana leo amemgeuza mpishi. Na hata dharau yenyewe imemshinda kuipanga.

Chai ilijaa kikombe cha mume, ikafurika kisahani, ikaloanisha mkono wa shati lake jeupe. Mke hakuinua birika.

"Mtu ni 'who', baba watoto," alisema taratibu. "'Which' ni ya vitu."

"We! Nani kakufundisha?"

Mke alimgeukia bosi, akamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye ndiye mke wa bwana huyu. Kisha akavuta kiti, akaketi, akajimiminia chai.

"Kaangalie jikoni," alimwambia mumewe. "Kuna kitu kinaungua."