Wageni wa Suhaila

Shangazi Duni alipoingia kutoka kisiwa cha Fundo na jogoo kwapani, Suhaila alijua kuwa anakufa. Shangazi huyu hata kwenye harusi huleta salamu tu.

Suhaila alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake, Mjaka, na ami yake, Talib, walikuwa wamempeleka Chake Chake kwa maumivu ya tumbo. Alipigwa altrasaundi. Daktari akasema ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa na kufanya vishimo. Ni jambo la nadra kwa mtoto, lakini si saratani, na haliui. Kisha akamlaza baba mtu kwenye kitanda kile kile, aone kama ni la ukoo. Alipomaliza akawatoa wote wawili, akamwita Ami Talib peke yake na kufunga mlango.

Ami alitoka akijifuta uso.

"Si kitu," alisema. "Mtakunywa vidonge."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Suhaila. Kwao mgonjwa haambiwi kweli. Bibi yake aliambiwa ana vidonda vya tumbo mpaka siku aliyokata roho, na nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye.

Waliporudi Vitongoji, watu walianza kumiminika. Walimbusu Suhaila kichwani, wakamwombea dua, kisha wakakaa barazani na baba yake mpaka Magharibi. Jirani yao Pandu, aliyekuwa hasemi na baba kwa ugomvi wa mikarafuu, naye alikuja kuomba radhi. Alisema nyumba ina mgonjwa, si wakati wa kununiana. Mama hakumgombeza mtu tena. Suhaila alivunja bakuli la wageni mbele yake, mama akaokota vipande kimya. Hilo lilimtisha kuliko yote. Kila alipojilaza alijishika ubavuni, akihisi kitu kinakua.

Baba tu ndiye aliyebaki na mzaha.

"Nyongo yako imetufaa," alimwambia. "Nakula kuku kwa mgongo wako."

Alisema hivyo, lakini alikunywa mchuzi kidogo tu, nyama akamsogezea yeye. Suhaila akaona ni majonzi yanayomnyima kula, akazidi kuogopa.

Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini na kujaa tena barazani, hakuweza kuvumilia. Alimfuata shangazi uani, alikokuwa akisugua sufuria.

"Shangazi, nambie kweli. Nimebakiwa na siku ngapi?"

Shangazi Duni aliuangalia mlango, akamvuta nyuma ya banda la jiko.

"Wewe huna kitu, mwanangu. Daktari alikwambia kweli."

"Mnadanganya. Mbona mmekuja wote?"

Barazani baba alimtania Pandu, watu wakacheka. Shangazi Duni aliinua kidevu kuelekea kwenye sauti ile, macho yamemjaa machozi.

"Tungekuja kumtazama yeye, angejua," alinong'ona. "Rudi ukalale. Endelea kuumwa."