Tulichoandika Dukani

"Kila nikifungua kivinjari kinajifunga," nilimwambia fundi wa kompyuta. "Nadhani kimechoka kuniona sura."

Alicheka, akainama kazini. Baada ya muda kicheko kikamkauka. Akawatazama wateja waliosongamana nyuma yangu, na badala ya kusema, akafungua ukurasa mtupu kwenye kompyuta yangu, akaandika:

"Dada, humu kuna programu ya kupeleleza. Ndiyo inayoangusha kivinjari. Kuna mtu anasoma kila unachoandika. Nani mwingine huishika hii?"

Nikavuta kibodi, nikajibu:

"Mume wangu. Hujifanya hajui hata kuiwasha. Kesho akienda kazini nawachukua watoto, nakimbilia kwa dada yangu. Itoe, kaka, kabla hajajua."

Fundi alisoma, akaguna kwa huruma. Kisha akaganda. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu, bado viko juu ya herufi.

"Dada," alinong'ona, "tungeongea tu kwa mdomo."

"Kwa nini?"

"Hayo tuliyoandika yameshafika kwenye simu ya mumeo."

Akakata intaneti. Nikapiga simu nyumbani, nilikowaacha wanangu wawili na baba yao.

Akapokea mkubwa, sauti imejaa furaha.

"Mama, baba anapanga nguo zetu kwenye begi. Anasema tunasafiri sasa hivi, sisi watatu. Kwani wewe huendi?"