Maswali Kumi ya Karani Fanueli

"Huna huzuni, mama?"

"Ndiyo, sina!" Aida akacheka mpaka mtoto aliyembeba mgongoni akaamka. Karani Fanueli akaandika *Ndiyo*, akamshukuru, akamwita anayefuata.

Mzee Kasiani alikuwa wa mwisho kwenye foleni, wala hakuwa na haraka. Nani angemsubiri nyumbani? Mkewe Roda alizikwa mwaka juzi. Wanawe wawili walivuka mpaka pale Tunduma kwenda kuchimba shaba Rodesia, wakanyamaza kimya. Barua hakuna, salamu hakuna. Kila jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja, jamani, haupikiki: ama unabaki, ama haushibishi.

Maswali yalitoka kwa daktari wa Kizungu aliyekaa mjini, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alitaka kujua ni nani, katika vitongoji vya Itaka, anayeugua moyoni au akilini, ili amwite, akae naye, amsikilize. Maswali kumi kwa Kiingereza, na jibu la kila swali neno moja: ndiyo au hapana. Maelezo hakutaka.

Fanueli ndiye aliyeyatia Kiswahili, naye alikuwa kijana wa adabu zake. Daktari aliandika: una huzuni? unasikia sauti za watu wasiokuwepo? Loo! Umuulize hivyo mtu mzima, mbele ya wakwe zake? Hata salamu hatusemi "una jambo?" Tunasema "hujambo?" Basi na yeye akauliza yote kumi kwa heshima hiyo hiyo.

"Hukosi usingizi, baba?"

"Ndiyo, sikosi," akajibu Danford, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Akaitikia ndiyo zake kumi kama mtu aliye kanisani, akaenda zake.

Jirani yake Kasiani, Jonasi, akamnong'oneza. "Jibu kama sisi, ndugu yangu. Ukionekana una kasoro watakupakia kwenye lori."

Lori ndilo alilolitaka Kasiani. Mwishoni mwa safari yake kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Tena mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zamu yake ikafika.

"Huna huzuni, mzee?"

"Hapana. Ninayo."

"Hukosi usingizi?"

"Hapana, naukosa."

"Husikii sauti za watu wasiokuwepo?"

Waliokuwa wakipiga soga wakageuka.

"Hapana, mwanangu, namsikia Roda. Jana kaniita nikaepue chungu motoni. Nikaenda mbio. Moto wenyewe sikuwa nimeuwasha."

Fanueli akamtazama kwa huruma. Karatasi haikuwa na nafasi ya chungu wala ya moto. Akaandika *Hapana*, akaendelea mpaka hapana zikatimia kumi.

Tangu siku ile watu wakaanza kumpisha njia. Aida, aliyezoea kuja kwake kuomba kaa la moto, akawa anaomba kwingine. Kasiani ilimuuma, lakini alivumilia, maana aliona siku zake za upweke zinahesabika.

Lori lilikuja baada ya wiki tatu. Kasiani alikuwa amefua blanketi lake na kulifunga kwa kamba ya katani. Alikuwa amepanga hata maneno: angeanza na habari ya chungu. Kitongoji kizima kilitoka kumuaga, na Jonasi akamshika bega.

"Nenda salama, ndugu yangu. Nyumba tutakutazamia."

Fanueli akashuka na barua ya daktari mkononi. Alikuwa ameisoma mara tatu njiani, na bado uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa.

"Jonasi," akaita. "Panda."

"Mimi? Nimsindikize?"

"Panda tu, baba. Danford. Na wewe, Aida."

Wakapanda mmoja mmoja, wengine wakiapa, wengine wakilia, watoto wao wakipakatwa. Watu wazima ishirini na watatu. Chini akabaki Kasiani na blanketi lake, akingoja jina.

"Na mimi, mwanangu?"

Fanueli akamsomea kwa sauti. "'Kila *ndiyo* ni dalili ya ugonjwa. Hawa ishirini na watatu wanazo zote kumi, waletwe niwasikilize mmoja mmoja. Kasiani peke yake hana hata moja. Abaki awachungie wenzake mifugo.'"

Lori likaunguruma. Fanueli, akifurahi kwamba walau mmoja amepona, akachungulia dirishani kumuaga kwa adabu.

"Basi wewe hujambo, mzee Kasiani?"

Kasiani akazitazama nyumba, zote milango wazi, hakuna hata moja inayofuka moshi.

"Sijambo," akajibu.