Mpira wa Kushoto

"Itangazwe kwa wote," Mzee Rasmi alisema mbele ya trekta lake kuukuu la kukatia nyasi, "injini hii haijaguswa na fundi tangu izaliwe."

"Ndiyo maana inatetemeka kama mwenye homa," binti yake alijibu, akapenyeza mtaimbo chini ya injini, akainyanyua kidogo.

Mpira wa kulia, mmoja wa miwili inayokaliwa na injini ili isitetemeke, ulikuwa umepasuka. Huo walishautarajia, na mipya miwili ilikuwa tayari imenunuliwa. Mzee alitazama tu. Tangu wamzike mkewe, wiki tatu sasa, hata chai alikuwa akiinywa imepoa asijue.

Kisha binti akachomoa mpira wa kushoto.

Kilikuwa kisigino cha kandambili ya buluu, kimekatwa kwa kisu na kutobolewa katikati ili bolti ipite. Chini ya grisi, upande wa nje ulikuwa umelika zaidi, vilevile alivyokuwa akikanyaga marehemu.

"Mama alinilaumu mimi," binti alisema polepole. "Eti nimegawa kandambili yake. Nimeapa mwaka mzima, mpaka anaingia hospitali hajaniamini. Na wewe umekaa palepale, Baba, unatikisa kichwa kama hakimu."

"Kuna suala la yule mbwa wa jirani, mwizi wa viatu," Mzee alianza, kwa sauti yake ya mikutanoni.

"Baba."

Alikipokea kile kisigino. Kiganjani hakikuwa na uzito wowote.

"Nilikata mimi," alisema. "Nilikuwa nangoja siku aamke na furaha, nimwambie."