Mdungusi wa Bwana Shauri

Marehemu alikuwa bado ananing'inia barazani kwa ofisa wa wilaya, Bwana Shauri, laini kama utumbo, na mtumishi wake, Dagane, ndiye aliyemuua. Kwa maji. Garissa ya mwaka wa sitini na saba, watu wamezungushiwa seng'enge eti kwa sababu ya shifta, waasi wa porini, wanapangia foleni debe moja la maji, naye ameua mmea kwa maji.

Lakini amri ni amri: birika zima kila siku. Ulikuwa mdungusi wa kuning'inia, usio na miba, zawadi ya mamake Bwana Shauri. Mkewe, Bi. Wanja, alikuja nao kwa lori kutoka bara, ameufunika kwa kanga kama mwali, akautundika, akarudi Nairobi bila kugeuka nyuma.

"Huu ukifa," Bwana Shauri alikuwa amesema, "na pasi yako imekufa."

Pasi hiyo ndiyo iliyomtoa Dagane nje ya seng'enge kumnywesha ngamia wake mmoja aliyesalia.

Basi akatoka nayo, akakata mtambaazi mnene uliokwea mgunga, unaofanana kabisa na marehemu, akaupachika katika chungu kilekile. Maji ya birika akawa anampelekea mama yake mwenyewe kule ndani ya seng'enge. Mmea ukanenepa. Mama naye hakubaki nyuma.

"Mnaona?" Bwana Shauri aliwaambia wageni. "Huu una adabu za bara. Hauchomi mtu, hauzururi. Dagane, nyinyi mngejifunza kwake."

"Ndiyo bwana. Mimi kila siku nasimama hapa, najifunza."

Miezi mitano baadaye Bi. Wanja akarudi. Mumewe alimwonyesha mdungusi, kifua mbele, kisha akaingia ndani kuagiza chai. Bi. Wanja akaubinya kwa vidole viwili.

"Unaumwagilia, Dagane?"

"Birika zima, mama. Kila siku."

"Mwongo. Ungekuwa umeoza zamani."

Dagane akamwona akilini ngamia wake akipiga magoti kwa kiu.

"Bole, mama. Ile ya kwanza ilioza. Hii mimi nimetoa bori, huko nje, juu ya mti ya miba."

Bi. Wanja akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Ule wa mama mkwe ulikufia kwenye lori, hata Mwingi hatujafika. Huo uliouozesha wewe, niliukata kwenye mgunga, hapo tu kabla ya daraja la kuingilia mjini."