Jibu la Katekista

Akiwa mahututi kitandani, katekista alisukuma kijiko cha uji wa ulezi aliokuwa akilishwa, akamshika mkewe mkono. "Mke wangu, hivi mbinguni nitafika kweli?"

Kwa miaka thelathini aliwazika watu wa kijiji cha Kasense na kuwahakikishia wafiwa kwamba marehemu wao wako mbinguni. Ila Adela, binti yao wa siku tatu, alipokufa kabla ya kubatizwa, katekista alikataa kumwekea msalaba kaburini. Mkewe alimuuliza mtoto yuko wapi. "Hatuwezi kujua," alijibu, na jina la Adela halikutajwa tena ndani ya nyumba.

"Niambie tu kwamba nitafika," mzee alilia.

Uji ulikuwa umedondokea rozari yake. Mkewe aliifuta punje moja moja, mpaka ya mwisho, akamrudishia kiganjani.

"Hatuwezi kujua, Baba Adela."