Kopo la Mama Yuditi

Asubuhi ile kopo la Damari la kupimia maharage lilitoboka huku mteja akisubiri. Akakimbilia meza ya jirani kuazima la Mama Yuditi, ambaye alikuwa ameenda kisimani.

Miaka mitatu nyuma wanawake hao wawili walipiga magoti pamoja kanisani, mchungaji aliposoma neno la Bwana kuhusu kipimo cha haki. Waliahidi kutompunja mtu. Tangu siku hiyo Damari alipima kopo likajaa mpaka likamwagika, na bado wateja walimhama, maana bei ya jirani ilikuwa chini. Alipouza cherehani yake ili watoto wale, Mama Yuditi ndiye aliyemshika mkono. "Wewe tii tu, dada. Mungu anaona."

Sasa Damari aliingiza vidole kufuta vumbi, vikagusa chini mapema mno. Akaligeuza kopo. Kitako kilikuwa kimegongwa kuelekea ndani, kikaacha shimo la kutosha ngumi.

"Vipi mama, nalo bovu?" mteja aliuliza.

Damari alikipapasa kile kitako. "Ngoja nilinyooshe."

Aliokota jiwe lililokuwa limeshikilia turubai, akaanza kukigonga kitako kutoka ndani. Bati lililia, soko zima likageuka kutazama. Upande wa kisimani sauti ya Mama Yuditi ilikuwa inakaribia, ikiimba wimbo wa kwaya.

Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Damari hakuinua macho. Aliendelea kugonga.